Theodosia na Ndoo Iliyorudi na Samaki

Shemeji yangu Theodosia hajawahi kurudisha chombo cha mtu kikiwa kitupu. Ukimpelekea mboga kwenye bakuli, bakuli litarudi na karanga. Ukimpelekea karanga, litarudi na mayai mawili yaliyoviringishwa kwenye gazeti ili yasigongane. Mke wangu Ida, ambaye ni mdogo wake wa tumbo moja, ana ugonjwa huo huo, na kuna mwaka dada na mdogo wake walipokezana bakuli moja la bati tangu Kwaresima hadi Krismasi, kwa sababu hakuna aliyekubali limfie mikononi. Huko kwao Lusewa walilelewa hivyo. Kurudisha chombo kitupu ni kumwambia mwenzako undugu umekwisha.

Nayasema haya mapema kwa sababu hapa Mfaranyaki mwanamke huyu amesemwa sana. Wapo wanaosema aliharibu mradi wa samaki kwa wivu, wapo wanaosema alitumwa, na jirani yangu mmoja, ambaye hata kuogelea hajui, anasema ni mambo ya kishirikina. Nikiwasikia napandwa na hasira mpaka spana inanidondoka. Mimi nilikuwepo, tena nilikuwepo kuliko nilivyopenda.

Jina langu Leo, fundi baiskeli. Nina kibanda barabarani na nina robo eka ya nyanya kule bondeni, kwenye shamba la umwagiliaji. Maji ya bonde hilo yanatoka kwenye mto wetu mdogo, Mgelenge. Mto umekingwa kwa ukuta wa zege tunaouita banio, na nyuma ya ukuta maji yametuama kama bwawa. Banio lina milango miwili ya chuma. Mmoja uko pembeni, unaingiza maji kwenye mfereji wa mashamba. Mwingine uko chini, unafunguliwa bwawa likijaa tope. Yote miwili inazungushwa kwa usukani mmoja wa kuchomeka na kuchomoa, na kwa miaka kumi na minne usukani huo ulilala chini ya kitanda cha Theodosia, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa mgawa maji.

Kazi hiyo aliirithi kwa marehemu mumewe. Wanachama wa umoja wetu wa maji walimpa kwa kumhurumia, wakidhani atachoka baada ya mwezi. Hakuchoka. Kila mtu alipata maji kwa zamu yake, wala hapakuwa na cha shemeji wala paroko. Mimi niliwahi kuchelewa dakika kumi tu, zamu ikanipita, nikanuna wiki nzima. Yeye kila akipita kibandani kwangu alinisalimia vizuri kabisa, "Habari za asubuhi, mlamu," kama vile nyanya zangu hazikukauka. Mlamu ndivyo sisi tunavyowaita mashemeji, na akilitamka yeye huwezi kujua kama anakupenda au anakusuta.

Sasa, samaki. Zamani mto huu ulikuwa na perege wake, wadogo, weusi mgongoni, watamu kuliko ukubwa wao. Kisha miaka kumi na miwili iliyopita ulikuja mradi. Vijana wenye fulana za kijani walituambia perege ni samaki wa umaskini, hakui, anazaa ovyo. Walitupa sato, samaki wa kutoka ziwani huko mbali, anayejaza sufuria. Theodosia alichimba kibwawa chini ya banio, akaondoa perege wote, akaweka sato. Alifuata kila alichoambiwa mpaka wakampa cheti chenye mhuri. Cheti hicho kiko sebuleni kwake, kati ya picha ya Moyo Mtakatifu na ya harusi ya mwanae Otto.

Mwaka jana ukaja mradi mwingine. Safari hii alikuja binti mmoja wa Tunduru, Zuhura, mtaalamu wa samaki, mwembamba, mwenye ushungi na buti za mpira. Alimkuta Theodosia banioni, akapiga goti kidogo, "Shikamoo, mama," na kwa goti lile alimaliza kazi. Shemeji yangu alimpenda tangu siku hiyo.

Zuhura alitukusanya akatueleza. Mvua zinapojaza mabwawa yetu, sato hutoroka na kuingia mtoni, huzaa na perege, na watoto wao si sato wala si perege. Ndiyo maana perege halisi wa mto huu wameisha. Wamebaki kwenye dimbwi moja tu upande wa Tunduru, na kwa miaka miwili yeye amekuwa akiwazalisha kwenye matangi. Sasa anataka kuwarudisha nyumbani, juu ya banio, ambako perege walimalizwa kwa sumu ya utupa na vyandarua, lakini sato hajafika kwa sababu hawezi kuupanda ukuta.

"Kwa hiyo sato ni mbaya," Theodosia aliuliza.

"Chini ya banio hana neno, mama. Fuga tu. Juu ndiyo asifike hata mmoja."

"Lakini walisema ni mzuri."

"Ni mzuri wa kula."

"Na perege ndiye wa umaskini."

"Perege ndiye mwenyeji, mama."

Theodosia aliitikia kwa kichwa. Mimi namfahamu, alikuwa hajaelewa. Njiani aliniuliza, "Mlamu, mtu mmoja anakwambia mfukuze mwenyeji, mwingine anakwambia mrudishe mwenyeji. Na wote wana mihuri. Mimi nishike wapi?" Nilimwambia ashike usukani wake. Nilidhani nimesema jambo la maana.

Vifaranga walifika Novemba, siku ya Alhamisi, mia sita, kila mmoja mdogo kuliko kidole gumba changu. Ilibidi wakae siku mbili kwenye mapipa ya maji ya mto ili wauzoee, na mapipa yaliwekwa kwenye kibanda cha mgawa maji, chini ya ulinzi wa Theodosia. Zuhura hakuja mikono mitupu. Alimletea korosho kutoka kwa mama yake, ndoo nzima ya lita ishirini, nyeupe, yenye mfuniko wa bluu.

"Mama kasema ule na wajukuu," alisema.

Na hapo ndipo balaa lilipoingia, likiwa na mfuniko wa bluu.

Usiku wa Alhamisi shemeji yangu hakulala kwa ajili ya ndoo ile. Nyumbani kwake kulikuwa na mahindi, lakini nani atabeba mahindi hadi Tunduru? Kuku wake walikuwa wanaumwa mdondo, na hawezi kumpa mtu kuku wa hivyo. Asubuhi aliamka na jibu. Binti huyu anapenda nini duniani? Samaki. Anawabeba, anawapima, anawaita kwa majina. Mama yake ana shamba bondeni huko Tunduru, anaweza kuchimba kibwawa. Basi Theodosia atarudisha ndoo ikiwa na vifaranga bora wa sato, kutoka kwenye bwawa lile lile lenye cheti.

Ijumaa alasiri aliniita nimsaidie. Yeye aliingia majini na kichujio ambacho nilimtengenezea mwenyewe kwa spoki za baiskeli na kipande cha chandarua. Mimi nilishika ndoo. "Mimi nachota, wewe hesabu," alisema. "Zawadi ya samaki lazima ijulikane idadi, asije akafika na pungufu akadhani nimempunja."

Nilianza kuhesabu. Nilifika kumi na tatu au kumi na nne, nikakumbuka mechi ya Jumatano, nikaanza kumsimulia ile penalti ambayo refa aliinyima Simba waziwazi. Mimi nikilianza jambo hilo silimalizi haraka. Alipouliza wamefika wangapi, nilitazama ndani ya ndoo. Walionekana wengi wa kutosha kwa heshima. Nikasema, "Thelathini." Hivyo tu.

Alifunika ndoo, akatoboa mfuniko kwa msumari ili wapumue, akafunga mpini kwa utepe wa kitenge chake cha zambarau.

Jumamosi bondeni palijaa. Walikuja viongozi, wanafunzi, kwaya, na mtu wa kamera. Mapema kabla ya watu, Theodosia aliiweka ndoo yake karibu na gari la Zuhura, akamwambia, "Mwanangu, nimekurudishia ndoo yako, kuna kitu kidogo ndani." Zuhura alikuwa na simu sikioni, mgeni rasmi amepotea njia, na kwa mkono mwingine anazuia turubai lisiruke. "Asante sana, mama yangu," alisema, akamshika bega. Niliona kwa macho yangu. Kwa Theodosia neno lilikuwa limefika. Kwa Zuhura, nafikiri, halikufika popote.

Vifaranga walihamishwa kutoka kwenye mapipa kwa ndoo za mradi, nyeupe, zenye mifuniko ya bluu. Watu walipanga mstari hadi juu ya banio, kila mmoja akimwaga yake taratibu. Hotuba, makofi, ndoo nyingine. Ndoo zilipokaribia kwisha, mtu fulani alikusanya zote zilizokuwa karibu na gari akazileta mstarini. Zuhura alichukua kipaza sauti.

"Ndoo ya mwisho," alisema, "itamwagwa na mama yetu, mlinzi wa mto huu."

Watu walishangilia. Theodosia alisogezwa mbele, akakabidhiwa ndoo, akaona utepe wa zambarau.

Nilikuwa hatua tano kutoka kwake. Niliuona uso wake ukifunguka na kufungika. Alimtazama Zuhura, Zuhura akatabasamu na kumwonyesha maji. Alinitazama mimi, na mimi, Mungu anisamehe, nilidhani ananipungia, nikampungia. Mtu wa kamera akasema, "Mama, taratibu, tazama huku." Theodosia akainama, akamimina.

Kesho yake baada ya misa ya pili alikuja kwangu. Hakukaa.

"Mlamu, ukimpa mtu zawadi, na yeye akaamua kuigawa, si yake?"

"Ni yake."

"Na akikuheshimu akakwambia uigawe wewe kwa mkono wako, mbele ya watu, ukatae?"

"Ukatae kwa nini? Zawadi gani hiyo?"

Akaniambia. Nilicheka kwanza. Kisha nikaacha kucheka. "Dada," nilimwambia, "yule binti hakujua. Umemwaga sato juu ya banio."

"Nilimwambia kuna kitu ndani, akasema asante. Mtaalamu ni yeye, mimi nani nimwambie mtaalamu amekosea mbele ya mgeni rasmi? Nikasema labda wamebadilisha tena. Si huwa wanabadilisha?"

Kweli huwa wanabadilisha. Lakini nilikuwa na ushauri, na ninaueleza hapa pamoja na aibu yake. Nilimwambia anyamaze. Sato wachache kati ya mia sita, nani atajua? Nilijua Zuhura akipata habari bwawa litafunguliwa, mfereji utakauka, na jua la Novemba halina mchezo na nyanya zilizo kwenye maua. Theodosia alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Sijaelewa ubaya wa samaki wangu. Lakini yule mtoto amewabeba wake miaka miwili. Nitamuuliza yeye."

Jumatatu nilimsindikiza hadi nyumba ya wageni Bombambili. Zuhura alikuwa anafunga mizigo. Theodosia alianza mbali, akauliza hali, akauliza mama, akauliza safari. Ndipo akasema, "Wale sato wangu uliowarudisha mtoni, ulifanya hivyo kwa heshima yangu au kuna sababu nyingine?"

"Sato gani, mama?"

Alimweleza. Zuhura hakupiga kelele. Alikaa kwenye sanduku lake. Halafu akasema kwa sauti ndogo, "Laa ilaha illallah. Mama, wakikua hao, hata akibaki mmoja, atazaa na perege. Na nusu ya perege wote waliobaki duniani nimewaweka kwenye bwawa lile."

"Kumbe mmoja tu anatosha kuharibu?"

"Mmoja anatosha."

"Basi sikuelewa," Theodosia alisema. "Nisamehe, mwanangu. Niliona aibu kurudisha ndoo yako tupu."

"Walikuwa wangapi?"

"Thelathini. Mlamu alihesabu."

Zuhura aliandika: thelathini. Nilimwona akiandika. Nilitaka kusema kitu, lakini nilijiambia, wakianza kuvua watajionea wenyewe wangapi wamo. Ndivyo nilivyojidanganya.

Jumanne Theodosia mwenyewe alichomeka usukani, akafunga mlango wa mfereji, akafungua ule wa chini uliozibwa kwa wavu. Bwawa lilishuka hadi magotini. Kwa siku tatu tulivua vifaranga kwa nyavu ndogo, mmoja baada ya mwingine. Kila mmoja aliwekwa kwenye jagi la kioo la Theodosia, lile la juisi ya sikukuu, akanyanyuliwa juani; perege alitiwa pipani, sato ndooni. Mkia wa sato una mistari kama daftari la hesabu, wa perege hauna. Kwa umri ule mistari ilikuwa haijakolea, na wengine walibishaniwa hadi macho yakatoka machozi. Theodosia alikuwa wa kwanza kuizoea. Aliliinua jagi, akakunja uso, akasema, "Huyu wangu," kama mzazi aliyeitwa shuleni.

Kufikia Jumatano tulipata sato ishirini na wawili. Wakulima walianza kuja ukingoni na mikono nyuma. Nyanya zilikuwa zinainamisha vichwa, vitalu vya mpunga vimepauka. Walimtukana. Mmoja alimuuliza kama cheti chake kinaweza kumwagilia mchicha. Theodosia aliendelea kuinua jagi. Nilimsikia tu akijiuliza mwenyewe, tena na tena, "Lakini niliwahi kukosea wapi?" na sijui mpaka leo kama alimaanisha ndoo, au bwawa, au fulana zile za kijani.

Alhamisi saa tisa tulifika ishirini na tisa. Tulivuta nyavu tena mara sita. Tulipata perege tu.

Mwenyekiti wetu, Remmy, mtu wa busara ya kutosha kujua anachotaka, alisogea. "Mama Otto," alisema, "tukumbuke vizuri. Si walikuwa ishirini na tisa?"

Kila mtu alielewa alichopewa Theodosia. Akisema ishirini na tisa, perege wanarudishwa bwawani sasa hivi, mfereji unafunguliwa, nyanya zinakunywa jioni hiyo hiyo, na yeye anabaki na usukani wake. Hakuna mtu duniani ambaye angeweza kumwita mwongo.

Hata Zuhura alikuwa anatamani. Nilimwona. Alikuwa na tope hadi mabegani. "Mama," alisema, "huwezi kuwa umekosea moja?"

Theodosia alishusha jagi. "Ningehesabu mimi, ningesema labda nimekosea," alisema. "Mimi mambo mengi nachanganya. Lakini sikuhesabu mimi. Alihesabu mlamu, na mlamu ni fundi, anahesabu spoki kila siku. Alisema thelathini." Akanigeukia. Hakuwa ananibana, alikuwa ananitegemea. "Si thelathini, mlamu?"

Watu wote wakanitazama. Nilichopaswa kusema kilikuwa kifupi: sijui, sikuhesabu, nilikuwa naongea mpira. Huenda walikuwa ishirini na tano na wengine wanne tumewasingizia. Huenda walikuwa arobaini. Lakini kusema hivyo ni kusema kwamba siku tatu za jua, na matusi yote aliyoyabeba, vilisimama juu ya neno langu la ovyo. Nilifungua mdomo.

"Thelathini," nilisema.

Zuhura alifumba macho, akaitikia. Perege wote, mia tano na themanini na kitu, walibaki kwenye mapipa na mapipa yakapakiwa garini, warudi kwenye matangi mpaka mwaka kesho, au mpaka mto mwingine utakapopatikana. Kabla ya kupanda alimshika Theodosia mikono yote miwili, akamwambia, "Mama, katika kazi hii yote, wewe peke yako hukunidanganya." Shemeji yangu alitazama chini. Mimi nilitazama gari.

Jioni hiyo umoja ulikaa. Hawakubishana sana. Walimtuma Remmy aende nyumbani kwake kuuchukua usukani, na alipofika Theodosia alikuwa amekwisha kuufuta tope na kuupaka mafuta.

Tulirudi pamoja kutoka bondeni, yeye mbele, mimi nyuma na baiskeli. Juu ya banio maji yalikuwa yanajaa tena, bila samaki wa mtu yeyote. Nilikuwa nimekwisha kupanga maneno. Nilipanga nimwambie tukifika kwenye kona ya mwembe, halafu tukifika kwenye duka, halafu mlangoni kwake.

Mlangoni aligeuka. Alikuwa amechoka, lakini uso wake, kwa mara ya kwanza tangu Jumamosi, ulikuwa umetulia.

"Kitu kimoja tu kinanifariji, mlamu," alisema. "Angalau lile la idadi tulikuwa na uhakika nalo."

Nilimwambia ndiyo. Nikampa usiku mwema, nikaisukuma baiskeli hadi nyumbani, na Ida aliponiuliza mbona siongei, nilimwambia nimechoka.